Robert Lawson, Mskoti Aliyeipa Dunedin Sura Yake

ZUHURA: Haya jamani karibuni tena, leo tuko New Zealand ya karne ya 19. Juma, tupe mtu wako.

JUMA: Robert Arthur Lawson, msanifu majengo, kazaliwa 1833 Newburgh huko Scotland, kazi kajifunzia Perth na Edinburgh hukohuko Scotland, halafu ana miaka 21 tu akapanda meli kwenda Australia, 1854 hiyo, dhahabu imepamba moto jimbo la Victoria, basi na yeye akajitosa machimboni, mara anachimba, mara anaandikia magazeti, mara anachora majengo, ilimradi mkono uende kinywani.

ZUHURA: Na Dunedin, ule mji wa kusini mwa New Zealand, kafikaje sasa?

JUMA: Shindano. 1861 dhahabu ikaonekana Otago, mkoa wa Dunedin yenyewe, ule mji wa Wapresbiteri wa Kiskoti ukajaa hela, wakataka kanisa kubwa, First Church. Yeye akatuma mchoro kwa jina la bandia, "Presbyter", yaani mzee wa kanisa, akashinda, 1862 akahamia.

ZUHURA: Na wala hakuwa anajipendekeza, maana baadaye alikuja kuwa mzee wa kanisa hilohilo.

JUMA: Eeh. Ila ujenzi ulichelewa, kilima chenyewe, Bell Hill, kilikatwa kwanza karibu mita 12! Kanisa likafunguliwa 1873, sasa ule mnara, Lawson kautazama akaona haujafuata mchoro wake, akaagiza ubomolewe kule juu ujengwe upya, ukakamilika 1875. Na lile jiwe la Oamaru, jeupe, laini, linakatika kwa msumeno, ndo maana nakshi zake zimetulia vile. Mimi napenda sana mtu asiyekubali kazi ya bora liende.

ZUHURA: Ndo maana Seacliff inaniuma.

JUMA: Waelezee.

ZUHURA: Hospitali ya wagonjwa wa akili, kaskazini mwa Dunedin, ilipokamilika 1884 ndo lilikuwa jengo kubwa kuliko yote New Zealand, lakini ule mteremko udongo wake unatembea, kuta zikaanza kupasuka, 1887 ardhi ikaporomoka upande wa kaskazini ukaharibika. Tume ya uchunguzi ikakaa 1888, mkandarasi kajitetea, mkuu wa idara ya ujenzi kajitetea, msimamizi wa kazi kajitetea, mzigo wote ukamwangukia Lawson, eti mzembe na hana uwezo!

JUMA: Mimi nasema msanifu lazima aijue ardhi anayojengea, Zuhura.

ZUHURA: Sikatai, kosa lake lipo, ila serikali nayo ilikuwa na watu wake pale site kila siku, iweje abebe peke yake?

JUMA: Hapo sawa, nakubali. Basi 1890 akarudi Australia, mji wa Melbourne, na huko hakukaa bure, akachora Earlesbrae Hall kule Essendon, jumba la nguzo ndefu kama hekalu la Wagiriki.

ZUHURA: Dunedin walimpokea tena?

JUMA: Walimpokea. Alirudi 1900 akaingia ubia na J. L. Salmond, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, wakafanya kazi pamoja mpaka mzee alipofariki Desemba 1902.