Bunduki Mpya ya Bolti: Ipime Kabla Hujatoa Pesa

NAMNYAK: Karibuni tena, tuko hapa Arusha. Leo tunazungumzia bunduki ya bolti, ile unayoikoki kwa kuvuta na kusukuma chuma kwa mkono, mpya kabisa, na mnunuzi anataka ya kuwindia nyati, kwa hiyo tuchukue ya kipimo cha risasi kiitwacho .375 H&H. Kaka Elisante, mtu amesimama kaunta, bunduki iko mbele yake inang'aa. Aanze wapi?

ELISANTE: Aanze na namba. Leseni ya polisi iwe imeshakamilika, kisha namba iliyogongwa kwenye chuma isomwe tarakimu moja moja, ifanane na iliyoandikwa kwenye hati. Halafu afungue bolti, atazame chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, na magazini, apitishe na kidole, ajiridhishe hamna risasi. Hata kama muuzaji ametoka kufanya hivyo mbele yake, arudie mwenyewe.

NAMNYAK: Wengi wakishafanya hayo wanahamia kwenye mbao na rangi ya mtutu.

ELISANTE: Na mimi nasema hayo yasubiri. Bunduki ya nyati kwanza ilishe, ifunge, itoe ganda. Kulenga vizuri kunafuata baadaye. Mtutu unaopiga vizuri sana hauna faida kama risasi ya pili imekwama na mnyama anakuja.

NAMNYAK: Basi tukae hapo. Anapimaje kulisha?

ELISANTE: Aombe risasi bubu, zile zisizo na baruti wala fataki hai (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), za kipimo hicho hicho. Na ziwe na kichwa cha umbo lile atakalowindia. Hili watu wanalipuuza. .375 H&H ni ndefu, inafika kama milimita 91. Risasi ngumu ya nyati ina kichwa butu, na kichwa butu hujikwaa kwenye ukingo wa chemba pale ambapo kichwa kilichochongoka kinapita bila shida. Ajaze magazini, aingize na kutoa zote polepole. Kisha haraka na kwa nguvu. Kisha bunduki ikiwa imelala ubavu, na mwisho ikiwa imepinduliwa juu chini.

NAMNYAK: Mara ngapi?

ELISANTE: Magazini kumi nzima. Muuzaji asipokubali, aende duka jingine. Na macho yawe kwenye risasi ya mwisho. Ya kwanza inabanwa na wenzake kutoka chini. Ya mwisho haina mwenzake, spring imeshafunguka, kibamba kinachosukuma risasi kiko juu kabisa. Ikiwa midomo ya magazini imechongwa vibaya, risasi hiyo inaruka kabla ya wakati, inasimama wima, bolti inaigonga ubavuni.

NAMNYAK: Hapo tuwaeleze wasikilizaji kuhusu kucha, yaani kile chuma cha bolti kinachonasa kitako cha risasi na kuvuta ganda. Kuna bolti za mtindo wa Mauser ya 1898, zenye kucha ndefu ubavuni. Risasi ikitoka tu magazini, kitako chake kinateleza na kuingia chini ya kucha, inashikwa kabla haijafika chemba. Winchester Model 70 ya mwaka 1936 nayo ilitoka na mfumo huo. Mtindo wa pili, kama Remington 700 ya 1962, bolti inaisukuma risasi tu, na kucha inainasa mwishoni bolti inapofungwa.

ELISANTE: Na kuna jaribio la nusu dakika la kuzitofautisha. Sukuma bolti mpaka risasi itoke magazini, usifunge, halafu rudisha nyuma. Yenye kucha ndefu itarudi na risasi yake. Ile nyingine inaiacha mbele. Ukisukuma tena, risasi ya pili inagonga ya kwanza, zote mbili zinakwama. Mtu mwenye hofu huvuta bolti nusu njia. Ndiyo maana kwa nyati mimi nasimama na kucha ndefu.

NAMNYAK: Ila nayo ina shida yake. Ukitumbukiza risasi moja kwa moja ndani ya chemba kwa mkono, kuna bunduki ambazo kucha inakataa kuruka juu ya ukingo wa ganda, bolti haifungi. Ukilazimisha, unaivunja. Ulizia hiyo mapema.

ELISANTE: Sahihi, dada. Na kwenye kutoa: vuta bolti mpaka mwisho kwa nguvu, ganda liruke mbali. Likianguka mlegeo ndani ya dirisha, kasoro iko kwenye chuma kinachotupa ganda au kwenye kucha.

NAMNYAK: Twende kwenye triga na sefti.

ELISANTE: Bunduki iwe tupu na mtutu uelekee mahali salama. Funga bolti, weka sefti, vuta triga kwa nguvu mara mbili, achia kabisa. Sasa ondoa sefti bila kugusa triga. Pini, ile inayogonga fataki, ikijiachia yenyewe, irudishe bunduki kaunta. Kisha, ikiwa imekokiwa na sefti imeondolewa, igonge kitako chini kwa nyundo ya mpira. Baada ya hapo fungua na ufunge bolti kwa kishindo mara kumi. Pini isishuke hata mara moja.

NAMNYAK: Inashuka kwa nini?

ELISANTE: Jino linaloishikilia pini linashika kidogo mno. Mara nyingi mtu amelisugua ili triga iwe laini. Upime uzito wake kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki: ishike kwenye triga, vuta nyuma taratibu, usome. Kilo moja na nusu mpaka mbili inatosha. Pungufu ya hapo ni ya kulenga karatasi kwenye benchi, kidole chenye baridi au hofu hakiitaki.

NAMNYAK: Masikio ya bolti?

ELISANTE: Hayo ni vijino viwili vinavyoifunga bolti isirudi nyuma. Paka wino wa kalamu nene nyuma ya masikio yote mawili, funga na kufungua mara ishirini, tazama. Wino ufutike pande zote mbili. Ukifutika upande mmoja tu, sikio moja linabeba mzigo wote. Kina cha chemba apime fundi kwa geji zake mbili: bolti ifunge kwenye ya kwanza, ikatae kwenye ya pili.

NAMNYAK: Mtutu na mbao haraka haraka. Mdomo wa mtutu upitishie pamba; ikinasa nyuzi kuna mkwaruzo, na mkwaruzo wa mdomoni unaipeleka risasi kando. Angalia ndani kwa taa. Kama kuna grisi ya kiwandani, isafishwe kabla ya mlio wa kwanza.

ELISANTE: Kwenye mbao, teke la .375 ni kubwa, hata kwa bunduki ya kilo nne na kitu. Tazama nyuma ya mkia wa chuma, pale mkono unaposhika. Kuwe na mwanya mdogo, kama unene wa kadi ya simu. Chuma kikigusa mbao pale, kila mlio ni patasi, na mbao itapasuka. Tazama pia ukuta wa nyuma ya magazini, na kama kuna vyuma vya kupita kati vinavyoshika mbao. Na mlango wa chini wa magazini uugonge kwa kiganja: ukifunguka dukani, utafunguka kwa teke, risasi zote ziko majanini.

NAMNYAK: Darubini?

ELISANTE: Ndogo, ya kukuza mara moja mpaka nne, na jicho likae angalau sentimita tisa nyuma yake. Karibu zaidi ya hapo inakuchana nyusi. Funga macho, peleka bunduki begani, fungua. Ukilazimika kutafuta picha, kitako hakikufai kwa urefu. Vaa koti la kazini unapojaribu.

NAMNYAK: Kisha uwanja wa kulengea.

ELISANTE: Mita 100, mfuko wa mchanga chini ya mbao, usiwe chini ya mtutu. Piga tatu kwa mpigo, mtutu upoe, piga tatu tena. Zikiingia ndani ya sentimita tano, inatosha kwa nyati. Lakini andika risasi ya kwanza ya mtutu baridi ilipotua, kwa sababu porini unaanza na hiyo. Kila ganda lichunguze: fataki iliyotoboka, bolti nzito kufunguka, au pete inayong'aa juu tu ya ule mkanda wa ganda. Pete hiyo inaonyesha ganda limevutika, chemba ni ndefu mno. Acha kupiga, rudisha.

NAMNYAK: Na skrubu?

ELISANTE: Baada ya milio ishirini zikazwe upya, za darubini na za mbao, kwa kipimo cha kijitabu cha kiwanda. Mbao mpya hubonyea, skrubu zinalegea, mtu anafikiri mtutu umeharibika. Na kabla ya safari ya Longido au Monduli, ifute bolti mpaka ibaki na mafuta ya kuonekana kidogo tu. Mafuta mengi yakichanganyika na vumbi la kule yanakuwa msasa, na kitakachokwama kwanza ni kucha ile ile tuliyoisifu.