Faida Iliyolala Ghalani: Namna ya Kusoma Hesabu za Robo Mwaka za Kiwanda Kidogo

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa bodi, wahasibu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliofika kwa wingi, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie matokeo ya kifedha ya robo mwaka katika kiwanda kidogo kinachotengeneza bidhaa za matumizi ya kila siku, yaani sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka na nyingine za aina hiyo, ambazo mlaji huzinunua, zikamwishia, akarudi kuzinunua tena. Hoja yangu ni moja, nami naitanguliza mapema ili yote nitakayoyasema myapime nayo: faida ya miezi mitatu ya kiwanda cha namna hii huamuliwa ghalani kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Anayeifungua taarifa na kukimbilia mstari wa faida ameanza kusoma mwishoni. Mimi humshauri aanzie kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kiwanda, aone thamani ya bidhaa zilizobaki ghalani na kiasi ambacho wateja wanadaiwa, kisha ndipo arudi kuiuliza faida imetoka wapi.

Naomba mnivumilie nitaje tarakimu chache, kwa kuwa jambo hili halieleweki bila hesabu. Tuchukue kiwanda cha mfano kinachouza katoni moja kwa 60, iwe ni sarafu yoyote. Malighafi, vifungashio na gharama nyingine zinazopanda na kushuka kulingana na uzalishaji ni 30 kwa katoni. Gharama za kiwanda zisizobadilika, kama kodi ya jengo, uchakavu wa mitambo na mishahara ya wasimamizi wa uzalishaji, ni 600,000 kwa robo mwaka. Uwezo wake wa kawaida wa kuzalisha ni katoni 60,000 kwa robo, hivyo kila katoni hubebeshwa 10 ya gharama hizo zisizobadilika. Mwisho, gharama za mauzo na utawala ni 500,000 kwa robo.

Robo ya kwanza kiwanda kinazalisha katoni 40,000 na kuziuza zote. Mauzo ni 2,400,000. Ukiondoa 1,200,000 za gharama zinazobadilika, na 600,000 zote za gharama zisizobadilika, maana zile ambazo katoni 40,000 hazikuzibeba ni matumizi ya robo hiyohiyo, faida ghafi inakuwa 600,000, na baada ya gharama za mauzo na utawala inabaki faida ya uendeshaji ya 100,000.

Robo ya pili soko halikubadilika hata kidogo. Kiwanda kimeuza tena katoni zilezile 40,000 kwa bei ileile, ila mameneja wameamua mitambo ifanye kazi kwa uwezo wake wote, wakazalisha katoni 60,000. Sasa gharama ya kila katoni ni 40, gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 1,600,000, faida ghafi ni 800,000, na faida ya uendeshaji ni 300,000. Faida imeongezeka mara tatu, na hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka. Kilichotokea ni kwamba katoni 20,000 zilizobaki ghalani zimeondoka na 200,000 ya gharama zisizobadilika, zikaihamishia kwenye mizania, na hapo itakaa kama mali mpaka siku zitakapouzwa. Wakati huohuo fedha taslimu zilizotoka kununua malighafi na vifungashio vya katoni hizo ni 600,000 zaidi ya robo iliyotangulia. Faida imepanda kwa 200,000, fedha zimepungua kwa 600,000, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Robo ya tatu ghala limejaa, benki imeanza kuuliza maswali, na uzalishaji unapunguzwa hadi katoni 20,000 ili mzigo wa zamani uishe. Mauzo ni yaleyale ya katoni 40,000. Katoni 20,000 za ghalani zinatoka na gharama yake ya 800,000. Katoni mpya 20,000 zinakuja na 600,000 za gharama zinazobadilika. Na gharama zisizobadilika za robo hiyo, 600,000, zinaingia zote kwenye hesabu, kwa sababu 200,000 zimebebwa na katoni zilizozalishwa na kuuzwa, na 400,000 zilizokosa katoni za kuzibeba zinahesabiwa kuwa matumizi ya kipindi hicho. Faida ghafi ni 400,000, na kiwanda kinatangaza hasara ya 100,000.

Mtu aliyepewa mistari ya faida peke yake ataona 100,000, kisha 300,000, kisha hasara ya 100,000, naye ataeleza kwa kujiamini kwamba kiwanda kilichanua na kisha kikaporomoka. Jumla ya robo zote tatu ni 300,000, sawasawa na ambavyo ingekuwa kama kila robo ingezalisha na kuuza katoni 40,000. Biashara haikuchanua wala haikuporomoka. Ghala ndilo lililojaa na kupungua.

Sisemi kwamba mhasibu wa kiwanda hiki amedanganya. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2, kinachohusu bidhaa zilizo ghalani, kinataka gharama za uzalishaji zifuate bidhaa, na ni haki zifuate, kwa kuwa katoni haikutengenezwa kwa malighafi peke yake. Tena kiwango hicho kimeweka kinga mbili ambazo kila mjumbe wa bodi anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kwamba gharama zisizobadilika hugawanywa kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, ili uzalishaji mdogo usiifanye kila katoni ionekane ya thamani kubwa. Ya pili ni kwamba bidhaa huandikwa kwa gharama yake au kwa kiasi kitakachopatikana ikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuikamilisha na kuiuza, kile kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Katoni iliyokaribia tarehe ya mwisho wa matumizi, au yenye lebo ambayo kiwanda kimekwisha kuiacha, haiwezi kuendelea kuandikwa 40 kana kwamba imetoka mtamboni jana. Katika viwanda vidogo kinga hii ya pili ndiyo inayopuuzwa zaidi, na si kwa nia mbaya. Ni kwamba hakuna aliyetumwa kwenda kuangalia mrundikano wa nyuma kabisa ghalani.

Kuna kipimo chepesi cha kulifuatilia jambo hili. Chukua thamani ya bidhaa zilizo ghalani, igawe kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa katika robo, kisha zidisha kwa siku 90. Katika mfano wetu, mwisho wa robo ya pili ghala lina 800,000 na gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 1,600,000, kwa hiyo bidhaa zilizopo zinatosha kuuzwa kwa siku 45, ilhali robo iliyotangulia ilimalizika bila bidhaa hata moja ghalani. Siku hizo zikiongezeka huku mauzo yamesimama, faida iliyotangazwa ina sehemu ambayo bado haijathibitishwa na mnunuzi yeyote.

Kutoka ghala la kiwanda twende ghala la msambazaji, maana mzigo unaweza kuhama bila kumfikia mlaji. Wiki za mwisho za robo ndizo wiki za kusukuma mzigo: msambazaji anapewa punguzo na muda mrefu wa kulipa ili achukue leo kile ambacho angekihitaji baada ya miezi miwili. Mauzo ya robo hii yanapanda, mauzo ya robo ijayo yamekwisha kuliwa, na kinachoongezeka kwenye mizania ni madeni ya wateja. Mfano unaojulikana sana ni wa kampuni ya Sunbeam ya Marekani, mtengenezaji wa vyombo vya nyumbani. Mwaka 1997 iliwauzia wafanyabiashara majiko ya kuchomea nyama nje ya msimu wake, mengine yakiandikwa kuwa yameuzwa huku mzigo ukiwa haujapelekwa kwa mnunuzi. Tume ya Masoko ya Mitaji ya Marekani ilieleza mwaka 2001 kwamba angalau dola milioni 60 kati ya dola milioni 189 za faida iliyotangazwa mwaka huo zilitokana na udanganyifu wa kihesabu. Sunbeam haikuwa kampuni ndogo, lakini njia iliyotumia haihitaji ukubwa wowote. Yeyote ambaye angelinganisha ongezeko la mauzo na ongezeko la madeni ya wateja angepata sababu ya kuuliza.

Kuhusu mauzo yenyewe, Kiwango cha Kimataifa cha Utoaji wa Taarifa za Fedha namba 15, kilichoanza kutumika mwaka 2018, kimetusaidia sana. Malipo ambayo kiwanda kinampa mwenye duka ili bidhaa ipangwe mahali pa kuonekana, pamoja na punguzo la kufikia kiwango fulani cha manunuzi, huondolewa kwenye mauzo, isipokuwa kama kiwanda kimepokea huduma mahususi yenye thamani inayolingana na malipo hayo. Bidhaa zinazotarajiwa kurudishwa nazo hukadiriwa na kuondolewa mapema. Ukiona kiwanda kinatangaza mauzo makubwa, kisha punguzo hizo zimefichwa ndani ya gharama za matangazo, jua kwamba bei halisi kinayoipata ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Na hapo mauzo yakishasafishwa, yatenganisheni: ni bei iliyopanda, au ni kiasi cha bidhaa kilichoongezeka? Kiwanda kilichopandisha bei kwa asilimia 15 na kupoteza asilimia 4 ya katoni kitatangaza ukuaji wa asilimia 10.4, na tangazo hilo litakuwa sahihi. Ila kimepoteza wanunuzi, na gharama zake zisizobadilika sasa zinabebwa na katoni chache zaidi.

Malighafi nazo zina namna yake ya kuipamba robo moja na kuiumiza nyingine. Mwaka 2022 Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese duniani, ilizuia kuyauza nje kuanzia tarehe 28 Aprili hadi tarehe 23 Mei, wakati ambapo bei ilikuwa tayari imepanda mno. Wiki zilizofuata bei ikaanguka kwa kasi. Fikirieni mtengenezaji wa sabuni anayehesabu kwamba kilichoingia kwanza ndicho kinachotoka kwanza. Bei inapopanda, gharama inayoingia kwenye hesabu zake ni ya mafuta aliyoyanunua zamani kwa bei nafuu, huku sabuni akiiuza kwa bei mpya, na faida inanona. Bei inapoanguka anabaki na mafuta ya bei ya juu katika matangi, washindani wanashusha bei ya sabuni, na robo hiyo inakuwa chungu. Katika robo zote mbili huenda uendeshaji wa kiwanda haukubadilika. Kwa hiyo meneja asisifiwe kwa robo ya kwanza, wala asifukuzwe kwa robo ya pili, kabla hatujajua malighafi zilizotumika zilinunuliwa lini na kwa bei gani.

Msimu nitaugusa kwa ufupi. Linganisheni robo na robo ileile ya mwaka uliopita, si na robo iliyotangulia peke yake. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 34, kinachohusu taarifa za vipindi vya katikati ya mwaka, kinataka ulinganisho huo, na pia kinataka kampuni ieleze athari za msimu katika shughuli zake. Kiwango hichohicho hakiruhusu gharama ya matangazo ya robo hii isukumwe mbele kwa kisingizio kwamba mauzo yake yatakuja baadaye, wala hakiruhusu matengenezo makubwa yaliyopangwa kufanywa mwishoni mwa mwaka yaanze kukatwa mapema kwa sababu tu yamepangwa.

Niliwahi kukaa katika kikao ambacho mkurugenzi wa kiwanda kidogo alipongezwa kwa robo nzuri kuliko zote tangu kianzishwe. Mimi pia nilipiga makofi. Wiki sita baadaye kiwanda kilishindwa kulipa mishahara kwa wakati. Taarifa ya mtiririko wa fedha ilikuwa mezani siku ile ya pongezi, ukurasa wa mwisho, ikionyesha kwamba shughuli za uendeshaji zilikuwa zimemeza fedha badala ya kuziingiza, na hakuna aliyeufungua ukurasa ule. Bado jambo hilo linaniuma, kwa sababu waliokosa mishahara hawakuwa ndani ya chumba kile.

Nimalizie na swali ambalo huliuliza katika kila kikao cha robo mwaka: bidhaa za ghalani zimehesabiwa kwa mkono au zimekadiriwa? Mifano inayoambatana na kiwango namba 34 inakubali kwamba katikati ya mwaka huenda isihitajike hesabu kamili ya ghala, na kwamba makadirio kwa kutumia uwiano wa faida ghafi yanaweza kutosha. Kwa kampuni yenye kumbukumbu nzuri hilo halina tatizo. Kwa kiwanda kidogo lina mtego, kwa sababu mhasibu anadhani kwamba faida ghafi ni, tuseme, asilimia 30 kama mwaka jana, anaitumia kukadiria kilichobaki ghalani, kisha kutokana na makadirio hayo anapata faida ghafi ya asilimia 30. Dhana aliyoanza nayo imerudi kwake ikiitwa matokeo. Wizi, uharibifu, malighafi iliyomwagika, yote yamefunikwa hadi hesabu ya mwisho wa mwaka itakapoyafichua kwa mkupuo katika robo ya nne. Ndiyo maana huomba karatasi za kuhesabia ghala, zenye tarehe ya siku ya mwisho ya robo na sahihi za waliohesabu, ziwekwe mezani pamoja na taarifa, na nisipozipata huomba kikao kiahirishwe mpaka zipatikane.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa nayakaribisha maswali, na ningefurahi wanafunzi wakianza.