Bega linaponea nyumbani: jinsi ya kujipanga kabla na baada ya upasuaji

Asanteni jamani, naomba wa kule nyuma wasogee mbele kidogo tusikilizane vizuri. Leo ni upasuaji wa bega, na mimi kama mtu wa mazoezi ya viungo nataka nikae kwenye ile sehemu ambayo wagonjwa wengi hawaelezwi vya kutosha, yaani nyumbani. Hospitali wengi wanalala usiku mmoja au wanaruhusiwa siku hiyohiyo, alafu miezi yote inayofuata ni wewe na familia yako na mkono umefungwa.

Maandalizi yaanze mapema. Wiki moja au mbili kabla ya tarehe, jaribu kuishi na mkono mmoja, ule ambao haupasuliwi, hasa kama unaopasuliwa ndo unaoutumia kuandika na kula. Piga mswaki, vaa suruali, fungua chupa ya dawa, na mnisamehe kulisema hili mbele za watu ila jifunze pia kujisafisha chooni kwa ule mkono mwingine, maana watu wazima wanafika hapo siku ya pili wanalia na hakuna aliyewaambia. Vitu unavyotumia kila siku vishushe viwe usawa wa kiuno, mikeka na nyaya za kujikwaa ziondoke sakafuni, maana ukianguka ukatanguliza mkono ule kazi yote ya daktari inaweza kuharibika. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au una kisukari mwambie daktari mapema, na usiache dawa kwa uamuzi wako. Sigara nayo inachelewesha kano, yaani ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, kushika, acha, hata kama ni kwa kipindi hiki tu.

Sasa usiku wa kwanza. Wengi wanachomwa ganzi ya shingoni inayolaza mkono mzima, inaweza kukaa saa 12 mpaka 24, mgonjwa anarudi nyumbani anatabasamu anasema mbona siumwi, anaacha vidonge mezani analala, alafu saa nane za usiku ganzi inaisha yote kwa pamoja na hapo maumivu yanakuwa makali sana kuyakamata. Anza vidonge kama ulivyoandikiwa kabla ganzi haijaisha, usisubiri uumwe. Zile dawa kali zinafunga choo, kwahiyo maji mengi na matunda na mboga kuanzia siku ya kwanza. Barafu inasaidia, dakika 15 mpaka 20, ila iwe ndani ya kitambaa, isiguse ngozi, na uwe makini zaidi kama ganzi bado ipo maana hutahisi ikikuunguza.

Kulala ndo kilio cha kila mtu. Lala umeegemea, nusu umekaa, mito mgongoni, na mto mwingine mdogo chini ya kiwiko ili mkono usirudi nyuma, huo mto wa kiwiko watu wanaudharau lakini naona ndo unaoleta usingizi.

Kitu ninachokihangaikia zaidi ni hiki. Kano ikichanika daktari anaishona kwenye mfupa, na kwa wiki nyingi kinachoishikilia ni ule uzi, kano yenyewe inakamata mfupa polepole, inachukua kama wiki 12 kabla haijaanza kubeba mzigo. Maumivu lakini yanapungua mapema zaidi, kwahiyo wiki ya nne ya tano mtu anajisikia mzima, anavua slingi, kile kitambaa kinachobeba mkono kutoka shingoni, ananyanyua ndoo, na kano inaachia bila hata kelele. Slingi kwa kawaida ni wiki 4 mpaka 6 kutegemea ulichofanyiwa, na mwenye neno la mwisho ni aliyekupasua. Wakati huo vidole, kiganja na kiwiko vichezeshe kama umeruhusiwa, visije vikakakamaa, na usijisukume kwa mkono ule ukitaka kunyanyuka kwenye kiti.

Nguo ziwe za vifungo mbele. Kuvaa unaanza na mkono mgonjwa, kuvua unamalizia nao. Kwapa unalisafisha ukiwa umeinama mbele mkono ukining'inia wenyewe, usiuinue.

Michubuko ya rangi kushuka mpaka kwenye kiwiko inatokea, isikutishe. Ila homa ya nyuzi 38 na kuendelea, kidonda kutoa usaha, vidole kufa ganzi baada ya ile sindano kuisha, au shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, kuvimba na kuuma, piga simu hospitali siku hiyohiyo, na pumzi ikikubana au kifua kikiuma nenda dharura usisubiri asubuhi.

Naona mkono pale. Dada anauliza ana mtoto mdogo, atambebaje? Dada, kumnyanyua hapana mpaka daktari akuruhusu, na kwa kano iliyoshonwa hiyo ni miezi kadhaa. Kaa kwenye kiti au kitandani, mtu akuwekee mtoto upande wa mkono mzima, au kama anatembea apande mwenyewe, na umzoeshe hivyo kuanzia sasa kabla hujapasuliwa ili siku ile asije akakurukia kwenye bega.