Mnaouliza "nifanye SAT ya somo gani", jibu hili hapa

Haya jamani, mambo? Wakubwa shikamooni. Leo sina utangulizi, swali limenichosha. "Kaka, nipo kidato cha sita, nasoma PCM, nataka chuo Marekani. Nifanye SAT ya somo gani, Fizikia au Kemia?" Kila video. Hata ile ya kupika ugali, mtu yupo huko chini anauliza Fizikia au Kemia. Nikinyamaza, nimeshapata maisha nimewasahau. Nikijibu, najionyesha. Basi leo acha nijionyeshe.

SAT ni mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na zamani kulikuwa pia na ya somo mojamoja, Subject Tests. Hiyo ya masomo ndiyo haipo. College Board, wenye SAT yao, waliifuta Januari 2021. Huku Marekani ilikoma palepale, nyie mlioko nje mkaachiwa Mei na Juni ya mwaka ule, basi. Hiyo PDF ya Hisabati Level 2 inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni ya marehemu. Na kama kuna wakala amekuchaji twisheni ya Subject Test, simamisha video hii, nenda kamdai hela yako kwanza.

Mimi niliifanya enzi zake, na kinyongo ninacho. Kila somo saa moja, alama mwisho 800. Lugha zilikuwemo: Kifaransa, Kijapani, Kikorea, hadi Kilatini, ambacho sijui ni bibi wa nani anakiongea nyumbani. Kiswahili? Hola. Mtoto wa Tanga alama zake za bure zote zinaishia hewani. Na AP, mitihani mingine ya masomo ya haohao College Board, hadi leo ni hivyohivyo. Tuendelee, nisije nikapandisha presha bure.

Sasa najua kuna mjuaji ataandika, "Mbona Yale wanapokea AP badala ya SAT?" Ni kweli, wanapokea SAT, ACT (mpinzani wa SAT), AP au IB, ile ya shule za kimataifa. Ila wewe wa Tanzania fungua kalenda. AP inafanyika wiki mbili za kwanza za Mei. Mtihani wa NECTA wa kidato cha sita ni mwezi gani? Mei. Halafu utafute shule ya kimataifa ikubali kukupokea kama mtahiniwa wa nje, ada kwa dola. Uache praktiko yako ya Fizikia ukakimbizane na Fizikia nyingine? Kwa mtazamo wangu, na nasema wangu, fanya SAT ya kawaida tu, nguvu nyingine zote weka kwenye NECTA. MIT walirudisha sharti la SAT mwaka 2022, Dartmouth wakafuata 2024. Vyuo vya University of California ndio hawaitazami kabisa, hata uwe na 1600, alama ya mwisho kabisa.

Mnaotaka chuo Uingereza, nyie ndio swali lenu la "somo gani" lina maana. Cambridge uhandisi kuna ESAT, mtihani wa kuombea nafasi: Hisabati 1 lazima, halafu Hisabati 2 na Fizikia. Ukiomba Natural Sciences, baada ya Hisabati 1 unajichagulia mawili. Hapo wa PCM kaa na mwalimu wako muulizane Kemia yako ikoje.

Hela. Ada ya SAT kwa mtu wa nje inapita dola mia, na ule msamaha wa ada ni wa Wamarekani. Simu hairuhusiwi, lazima kompyuta au tableti. Na majina! Jina la usajili lifanane na la kwenye kitambulisho. Mimi pasipoti ina majina matatu, cheti kina mawili, babu yangu akawa tatizo la kimataifa. Nikaandika barua pepe hadi nikachoka, najibiwa na mashine.

Na ile fomu ambayo mkuu wa shule anakujazia kwa ajili ya chuo je? Mkuu wetu, Mungu ambariki, aliichapisha fomu ya mtandaoni, akaijaza kwa kalamu, akagonga muhuri kila ukurasa, akanikabidhi kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi. Watu wa chuo walikuwa wanasubiri aipandishe mwenyewe mtandaoni kwa barua pepe ya shule. Shule haina barua pepe. Msiseme nalalamika, nawaambia muanze mapema.

Mimi si mshauri, kila mtu na mfuko wake na kichwa chake. Ukitaka ushauri wa bure, ubalozi wa Marekani pale Dar wana EducationUSA, waulize hao.

Na mnaoniomba niwalipie ada, wadogo zangu, kodi ya nyumba huku inakatwa tarehe moja, tuelewane. Video ijayo ni CSS Profile, ile fomu ya kuomba msaada wa ada ya chuo. Wanataka kipato cha mzazi kwa mwaka, kwa tarakimu. Kama mzee ni mkulima, anza kumuuliza taratibu kuanzia leo, maana atakuuliza unataka kujua ili iweje.