Mgeni Ameondoka, Fedha Imebaki Wapi?

Ndugu mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kunipa nafasi.

Kila mwaka ukiisha, viongozi wa kanda zinazopokea watalii hutangaza idadi. Wageni wameongezeka, makofi yanapigwa, kikao kinafungwa. Nimesoma taarifa za namna hiyo kwa miaka mingi, na siku hizi idadi peke yake hainiambii kitu mpaka nijibiwe swali moja: ile fedha aliyokuja nayo mgeni imelala wapi?

Nianze na jambo ambalo huwashangaza wengi. Katika mgawanyo wa kawaida wa takwimu za uchumi hamna sekta iitwayo utalii. Mna kilimo, ujenzi, uchukuzi, malazi na huduma za chakula. Sekta hizo hutambulika kwa kinachozalishwa, ilhali utalii hutambulika kwa anayenunua. Teksi ikimbeba mkazi asubuhi na mtalii jioni, ni safari ya jioni tu inayohesabiwa kuwa utalii. Kwa sababu hiyo wanatakwimu walilazimika kutengeneza hesabu za pembeni, hesabu setilaiti za utalii, zinazochomoa katika kila sekta kile kilichonunuliwa na wageni. Kanada ilitangulia kuzichapisha mwaka 1994. Umoja wa Mataifa ukaweka mwongozo wa pamoja mwaka 2000 na kuurekebisha mwaka 2008.

Lakini hizo ni hesabu za nchi nzima. Kuzishusha hadi kwenye kanda ni kazi nzito zaidi, kwa kuwa kwenye mpaka wa kanda hakuna afisa wa forodha anayeandika kilichoingia na kilichotoka. Hapo ndipo makadirio ya matumaini hujipenyeza. Mkazi wa kanda akienda kula mkahawani siku ya mapumziko, huyo hajaongeza chochote katika uchumi wa kanda. Amehamisha tu fedha kutoka duka moja kwenda jingine. Fedha mpya ni ile iliyochumwa kwingine na kutumiwa hapa. Kwa maana hiyo utalii ni uuzaji wa nje ambao mnunuzi anaifuata bidhaa mwenyewe.

Sasa tuifuate fedha hiyo. Mwaka 1931 mwanauchumi Richard Kahn alieleza dhana ya kizidishi, yaani jinsi fedha inayoingia inavyozunguka na kuzaa mapato mengine, na mwanauchumi mwenzake John Maynard Keynes akaikuza miaka mitano baadaye. Chukueni mgeni aliyetumia 100, iwe fedha ya nchi yoyote. Tuseme kila anayepokea hutumia nusu ya alichopata ndani ya kanda. Hoteli itatoa 50 kwa wafanyakazi na wauzaji wa hapa, nao watatoa 25, kisha 12 na nusu, na kuendelea. Mzunguko wote ukiujumlisha unafika 200. Rudieni hesabu hiyo, safari hii kila mmoja atumie ndani ya kanda moja ya tano tu. Jumla inaishia 125. Mgeni ni yule yule na kitanda ni kile kile, lakini kanda mbili zimepata vitu tofauti kabisa.

Kinacholeta tofauti hiyo ni uvujaji, yaani fedha inayotoka nje ya kanda. Nyama imeagizwa kutoka mbali, faida inakwenda kwa mwenye mali aliye ng'ambo, tovuti iliyouza chumba imekata kamisheni yake, na kampuni inayomiliki jina la hoteli inadai ada. Wapo wageni waliolipia safari nzima kabla hawajafunga mizigo, na wapo wanaoshuka melini asubuhi, wakazunguka, kisha wakarudi melini kula na kulala. Mji wa Venice, huko Italia, mwaka 2024 ulianza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku zenye msongamano, kwa sababu kundi hilo linatumia njia, maji na usafi wa mji bila kulipia malazi.

Hapa naomba tusiharakishe, maana ni rahisi kumlaumu mwenye hoteli. Mpishi wake anahitaji nyanya kila siku ya juma, za ukubwa unaolingana, mvua inyeshe isinyeshe. Mkulima wa jirani anavuna zote katika majuma matatu, hana chumba cha baridi, na hawezi kungoja siku 90 ndipo alipwe. Mpishi anampigia simu muuzaji wa jumla aliye mbali, na ninamwelewa. Uvujaji huu hauzibwi kwa hotuba za uzalendo. Unazibwa kwa ushirika unaokusanya mazao ya wakulima wengi na kupanga zamu za kupanda, kwa ghala lenye ubaridi, na kwa mkataba unaosema malipo yatatoka ndani ya siku kadhaa. Hakuna anayekata utepe siku mkataba wa nyanya unapotiwa saini, nami nasikitika kwamba ndiyo sababu mara nyingi bajeti huenda kwenye mabango ya kuvutia wageni.

Gharama nazo zihesabiwe. Maji, taka na kodi za nyumba zinazompandia mfanyakazi yule yule anayetandika vitanda. Visiwa vya Baleari, huko Hispania, tangu Julai 2016 vinatoza kodi kwa kila usiku mgeni anaolala, na sehemu ya fedha hiyo hurudi kwenye mazingira.

Halafu kuna hatari ya kutegemea mlango mmoja. Mwaka 2019 dunia ilihesabu safari za watalii wa kimataifa takriban bilioni 1.46, mwaka uliofuata zikabaki kama milioni 400. Kanda zilizokuwa na mashamba na viwanda vyake ziliyumba. Zilizokuwa na vitanda tu zilifungwa, na vijana waliokuwa wameacha kazi nyingine kwa ajili ya hoteli wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo, ninyi mnaokaa kwenye kamati za mipango, taarifa ya idadi ya wageni ikiletwa mezani, ombeni iambatane na daftari la manunuzi la mwezi mmoja tu kutoka hoteli chache, kubwa na ndogo. Someni safu moja: jina la mahali bidhaa ilikotoka. Nipo tayari kwa maswali yenu.