Nani Anayejaza Bakuli la Maji? Mhadhara Kuhusu Wanyama na Afya ya Akili

Mwenyekiti, madaktari na wauguzi, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Nashukuru kwa kunialika, ingawa nashuku kwamba walionialika walitarajia nije niwasifu mbwa. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilizungumza jambo hili, na wapo waliokaa safu ya nyuma ambao wangeweza kulieleza badala yangu bila kukosea hata mzaha mmoja. Nitalirudia hata hivyo, kwa sababu kila nisomapo habari za mpango mpya wa kuwaingiza wanyama wodini naona dosari ile ile: mnyama anachukuliwa kana kwamba ni kidonge chenye manyoya. Analetwa, anapapaswa kwa muda uliopangwa, anaondolewa, na ripoti inaandikwa kwamba wagonjwa walitabasamu. Ninachodai ni kwamba sehemu kubwa ya faida inayodumu haitokani na manyoya ya mnyama wala na macho yake, bali na ule ukweli kwamba anahitaji kuhudumiwa, na kwamba mtu aliyezoea kuhudumiwa na kila mtu anampata hatimaye kiumbe anayemtegemea yeye.

Historia sitaipitia. Mnazijua habari za hospitali ya William Tuke kule York, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1796, ambako sungura na kuku waliachwa uani wakae na wagonjwa wa akili katika zama ambazo kwingineko wagonjwa hao walifungwa minyororo. Mnazijua pia habari za Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto aliyemtumia mbwa wake Jingles katika tiba, na za wanasaikolojia wenzake wa Marekani waliomdhihaki mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kumuuliza kama mbwa naye anapata mgawo wa ada. Nitasimama kwa Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, peke yake, kwa kuwa ndiye anayenukuliwa zaidi na kusomwa kidogo zaidi. Katika maelezo yake juu ya uuguzi ya mwaka 1859, aliandika kwamba mnyama mdogo wa kufugwa mara nyingi ni mwenzi bora wa mgonjwa, hasa mwenye maradhi ya muda mrefu. Vijitabu vyetu vyote vinanukuu hapo, vinaweka nukta na kuendelea na mambo mengine. Laiti waandishi wa vijitabu hivyo wangesoma mistari michache mbele. Akimzungumzia ndege wa kwenye tundu, ambaye huenda ndiye furaha pekee ya mtu aliyekaa miaka mingi ndani ya chumba kimoja, Nightingale anaongeza kwamba mgonjwa akiweza kumlisha na kumsafisha mwenyewe, basi ahimizwe daima kufanya hivyo. Hilo ndilo agizo la kiuguzi lililomo katika kifungu kile, na ndilo tunalolikata.

Sasa niwapeleke kwa nyenje, na wale wanaocheka mapema nawaomba wasubiri kidogo.

Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini walichapisha jaribio walilolifanya kwa wazee 94 waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Wazee waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa ushauri wa afya tu. La pili lilipewa ushauri ule ule, na kila mzee akakabidhiwa tundu lenye nyenje watano, chakula chao, na maelezo ya namna ya kuwatunza. Baada ya wiki 8, wazee waliotunza nyenje walionekana kuwa na dalili chache zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuliko wenzao. Tofauti haikuwa kubwa ya kushangaza, na watafiti wenyewe hawakudai hivyo. Lakini ilikuwapo, na ilipatikana kwa gharama ambayo kituo chochote kinaimudu.

Nawaomba mfikirie vizuri nyenje ni mdudu wa namna gani. Hatikisi mkia ukiingia. Hakutazami machoni, hajui jina lako, na ukimpapasa atakurukia ama atakukimbia. Hana joto la mwili la kukupa, wala huwezi kumkumbatia. Kila sifa ambayo tumezoea kuitaja tunapoeleza kwa nini mbwa anatuliza moyo haimo ndani ya tundu lile. Kilichobaki ni wadudu watano ambao usipowapa chakula na maji watakufa, wewe ukiwa na habari. Mzee anaamka asubuhi, na kabla hajaanza kuhesabu maungo yanayomuuma, anainama kutazama kama wote wapo, anaondoa mabaki yaliyooza, anaongeza maji, na huenda akagundua kwamba mmoja ameanza kulia usiku na wengine bado. Pengine atamsimulia jirani. Hiyo ndiyo tiba ninayoizungumzia, na ndani yake hamna manyoya hata kidogo.

Nasikia pingamizi kabla halijatamkwa. Mtaniambia kwamba huenda ni sauti iliyowafurahisha, na kwamba katika Asia ya Mashariki watu wamewafuga nyenje kwa ajili ya milio yao tangu karne nyingi, kwa hiyo mdudu yule alikuja na kumbukumbu za utotoni. Inawezekana kabisa. Mtaniambia pia kwamba kundi la kulinganishia halikupewa kazi nyingine yoyote, kwa hiyo hatuwezi kujua kama kumwagilia ua kungeleta matokeo yale yale. Hilo nalo ni kweli, na mwenye kulisema ananisaidia mimi, kwa sababu ikiwa ua lingetosha basi hoja ya utunzaji inapata nguvu zaidi na ile ya macho ya mbwa inazidi kupungukiwa. Aidha, nasikia daima yule anayeuliza kama nataka tuwafukuze mbwa wodini tuweke wadudu. Sitaki hivyo. Namtumia nyenje kama mkemia atumiavyo kichujio, ili nione kinachobaki baada ya mapenzi kuondolewa.

Pingamizi ambalo kwa kweli linaninyima usingizi ni la mbwa wa mashine. Katika utafiti uliofanywa huko St. Louis, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2008, wakazi wa makao ya wazee walitembelewa kila wiki, baadhi yao na mbwa hai, wengine na mbwa wa roboti, na kundi la tatu halikutembelewa na yeyote kati ya hao. Upweke ulipungua kwa waliomwona mbwa hai, na ulipungua pia kwa waliomwona roboti. Roboti hali, hanywi, hafi. Kama utunzaji ndio chanzo cha faida, mashine ile ilipaswa kushindwa, na haikushindwa. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba upweke na sonona si ugonjwa mmoja. Upweke unaweza kupunguzwa na chochote kinachojibu unaposema nacho, na binadamu, kama tujuavyo, husema hata na redio. Sonona ni jambo lingine: inamnyang'anya mtu sababu ya kuinuka, na kitu kisichokuhitaji hakiwezi kukurudishia sababu hiyo. Jibu hili halijafanyiwa jaribio la kutosha. Nalishikilia hadi mtu aniletee bora zaidi, na wale wenye utafiti wa samaki wa kwenye tangi mkononi, samaki ambao kwa kutazamwa tu waliwafanya wenye ugonjwa wa kusahau waongeze chakula wanachokula mezani, naomba waniulize baadaye.

Niseme basi neno kuhusu homoni, maana nisiposema nitaulizwa. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda mrefu, oksitosini, homoni ya upendo na ukaribu, huongezeka mwilini mwa wote wawili, na kwamba mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha mzunguko huo. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha Marekani kilipima mate ya wanafunzi 249 na kuona kwamba dakika 10 za kuwapapasa mbwa na paka zilishusha kotisoli, homoni ya msongo. Sina ugomvi na vipimo hivyo. Ugomvi wangu ni na wanaovipima dakika 10, kisha wanavivisha kilemba cha ukoka kana kwamba vimeponya ugonjwa wa miezi 10. Mwanafunzi yule alitulia mchana ule. Mgonjwa wa sonona ana kesho asubuhi, na keshokutwa, na mbwa amekwisha kurudi kwao.

Ndiyo maana nasisitiza asubuhi. Wenzetu wanaotibu sonona kwa mazungumzo wanayo njia inayokubalika na iliyojaribiwa vizuri, ambayo mgonjwa hupangiwa shughuli ndogo ndogo na kuzifanya kabla hajajisikia kuzifanya, kwa kuwa hamu hufuata tendo na si kinyume chake. Shida ya njia hiyo, kama kila tabibu ajuavyo, ni kwamba karatasi ya ratiba haimwamshi mtu. Inakaa kimya mezani. Paka mwenye njaa hakai kimya. Anapanda kitandani, anakanyaga kifua, analia mlangoni, na hajali hata chembe kama usiku wako ulikuwa mbaya. Mtu ambaye asingeinuka kwa ajili yake mwenyewe anainuka kwa ajili ya paka. Na akiwa ameinuka, amefika jikoni. Na akiwa jikoni, huenda akachemsha maji ya chai. Sijawahi kuona kipimo cha kotisoli kinachoeleza jambo hilo.

Sasa linganisheni na nilichokishuhudia katika makao fulani ya wazee ambayo sitayataja. Mbwa aliletwa, mpole, amesafishwa vizuri. Mhudumu aliishika kamba tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi mmoja, aliyelima na kufuga maisha yake yote, aliona bakuli la maji limekauka, akanyoosha mkono kuelekea jagi lililokuwa kwenye meza ndogo pembeni yake. Mhudumu, kwa adabu kabisa, alilichukua jagi kabla ya mkono kulifikia, akamwambia, "Pumzika, bibi, sisi tutafanya," akajaza bakuli mwenyewe. Bibi akaurudisha mkono mapajani. Nilitaka kupiga kelele. Katika saa nzima ya ziara, hilo lilikuwa tendo pekee ambalo mgonjwa yeyote alijaribu kulianzisha mwenyewe, nasi tukalizima kwa sababu fomu ya usalama ilisema hivyo. Mtasema maji yangemwagika. Yangemwagika, na tungepiga deki.

Kuna wanaodhani kwamba kwa kusema hivi naamini kila mwenye mnyama ana afya njema. Siamini. Mwaka 2017 watafiti wa RAND, shirika la utafiti la Marekani, walichunguza takwimu za zaidi ya kaya 5,000 za California na kuona kwamba watoto wa nyumba zenye mbwa au paka walikuwa na afya bora zaidi. Lakini walipozingatia kipato, makazi na mambo mengine ya familia, tofauti ilitoweka. Familia yenye nafasi ya kufuga mbwa ilikuwa na nafasi ya mambo mengine mengi. Kumiliki mnyama ni jambo moja, kumtunza ni jambo jingine, na dodoso nyingi huuliza la kwanza tu. Mtoto anayeishi na mbwa anayelishwa na mtu mwingine anahesabiwa sawa na mtoto anayeamka kumlisha. Tukichanganya hao wawili katika safu moja, tusishangae safu ikitoka haina maana.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nitayapita mbio. Wanajeshi wastaafu wenye majeraha ya akili ya vita: utafiti wa Marekani wa mwaka 2024 uliowahusisha watu 156 ulionyesha dalili hafifu zaidi baada ya miezi 3 kwa waliopewa mbwa wa huduma kuliko kwa waliokuwa bado kwenye orodha ya kusubiri, ingawa hawakugawanywa kwa kura. Kinachonivutia mimi ni sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2021, iliyoanzisha mpango wa majaribio ambamo mwanajeshi mgonjwa mwenyewe ndiye anayefundisha mbwa. Aliyetunga kifungu kile aliielewa kazi. Kuhusu farasi nilikuwa na kurasa nzima, tuziache. Kuhusu maambukizi: chanjo ya kichaa cha mbwa, kunawa mikono, kutowaruhusu wanyama kwa wenye kinga dhaifu, mnayajua haya kuliko mimi. Kuhusu mbwa wenyewe, anayepiga miayo mfululizo, kulamba midomo na kugeuza uso hafurahii ziara hata kama picha inapendeza, na apelekwe nyumbani.

Lipo moja ambalo sitakubali kulipita, kwa sababu linatokana moja kwa moja na niliyoyasema. Kama mnyama anamfunga mtu na maisha kwa kumhitaji, basi anamfunga pia siku ambayo mtu huyo anatakiwa kulazwa. Wapo wagonjwa wanaokataa kulazwa, au wanaotoroka wodini siku ya pili, kwa sababu nyumbani kuna mbwa aliyefungiwa na hakuna wa kumlisha. Katika jalada tunaandika kwamba mgonjwa hakutoa ushirikiano. Fomu zetu za mapokezi zinauliza dini, kazi, ndugu wa karibu na namba ya simu ya huyo ndugu. Naomba ziongezwe mistari miwili: mgonjwa anatunza mnyama gani, na nani atamlisha kuanzia usiku huu. Rasimu ya fomu hiyo ninayo hapa kwenye mkoba, nakala zinatosha watu wote, na atakayekuja kuichukua anaweza kuniuliza habari za samaki.