Ashgrove: mtaa uliompa mkubwa kiti, kisha ukamnyang'anya

Mambo vipi watu wangu wa nyumbani! Leo sipo kazini. Nimesimama Waterworks Road, Ashgrove, kilomita kama nne kutoka katikati ya Brisbane, na jua la huku halina utani, kwa hiyo kofia sivui. Barabara hii imepata jina kutokana na bwawa la Enoggera huko mbele, lililojengwa 1866 ili mji upate maji. Tazameni nyuma yangu: nyumba ya mbao juu ya nguzo, baraza mbele, upepo unapita chini. Mtaa umetulia mpaka unasinzia. Na ndio huu uliomng'oa mkuu wa serikali.

Kwanza tuelewane maneno. Queensland ni moja ya nchi sita zilizounda shirikisho la Australia, ina serikali yake na bunge lake. Wengi huiita jimbo, lakini nikifanya hivyo tutachanganyana, maana leo nikisema jimbo ni la mbunge tu. Na mkuu wa serikali ya Queensland nitamwita Waziri Kiongozi. Wazanzibari mmeshanielewa. Huyo hapigiwi kura na Queensland nzima. Anatoka miongoni mwa wabunge, na jimboni kwake anaomba kura kama mwingine yeyote.

Ashgrove ilianza kama jimbo mwaka 1960. Miaka ya mwanzo walikaa wabunge wa chama cha Liberal. Mwaka 1983 akaingia Tom Veivers wa Labor, chama pinzani chao, mchezaji wa zamani wa kriketi wa timu ya taifa, akakaa muhula mmoja. Kisha 1989 akaja Jim Fouras, na hapa ngoja nisimame kidogo. Huyu mzee alizaliwa Ugiriki. Mhamiaji! Akakaa na jimbo hili mpaka 2006, na katikati yake akawa Spika wa Bunge. Ukiniona nacheka peke yangu kila nikilitaja jina lake, mjue nawaza mbali.

Kabla ya Fouras ramani yenyewe ya majimbo ilikuwa na mambo. Chini ya Joh Bjelke-Petersen, Waziri Kiongozi wa wakati huo, majimbo ya shamba yaliwekwa na watu wachache kuliko ya mjini, kwa hiyo kura ya mkulima ilikuwa nzito kuliko ya mtu wa Ashgrove. Uchunguzi mkubwa wa rushwa wa Fitzgerald, 1987 mpaka 1989, ndio uliofungua mlango, na uchaguzi wa 1992 ukafanyika kwa ramani mpya. Ila kuna kitu kilibaki, hamtaniamini. Jimbo likizidi kilomita za mraba 100,000, linaongezewa wapiga kura wa kwenye karatasi, asilimia 2 ya ukubwa wake. Kilomita 200,000 za mchanga na kangaruu, wapiga kura 4,000. Hawapigi kura, ila wanahesabiwa wakati wa kuchora mipaka.

Haya, sasa utamu wenyewe. Campbell Newman alikuwa Meya wa Brisbane tangu 2004. Mwaka 2011 chama cha LNP, yaani Liberal waliokwisha kuungana na chama cha National, kikamfanya kiongozi wake, na jamaa hata bungeni hayumo! Akahitaji jimbo, akalichagua hili, lililokuwa la Kate Jones wa Labor. Tarehe 24 Machi 2012 akalichukua, na chama chake kikazoa viti 78 kati ya 89. Labor walibaki saba. Hao hata timu ya mpira hawatimii.

Ndani ya mwaka huohuo serikali yake ikatangaza kupunguza kazi 14,000 za umma. Baadaye ikaja hoja ya kukodisha mali za umma, mitambo na nyaya za umeme zikiwemo. Watu wa huku hawakuandamana sana barabarani hapa. Walisubiri. Kate Jones akarudi kugombea palepale, na tarehe 31 Januari 2015 Waziri Kiongozi akaangushwa na majirani zake wa Ashgrove. Labor viti 44, LNP 42, na Annastacia Palaszczuk, kiongozi wa Labor, akaunda serikali.

Kabla yake, Waziri Kiongozi aliyeangushwa jimboni kwake akiwa madarakani alikuwa Digby Denham, jimbo la Oxley, mwaka 1915. Miaka mia kamili! Na serikali ya Denham ndiyo iliyoleta sheria ya kulazimisha watu kupiga kura. Uchaguzi wa kwanza chini ya sheria hiyo ukaondoka naye.

Sheria hiyo ipo mpaka leo, na mimi imeninyoosha. Nimepata uraia, uchaguzi wa Queensland ukaja, nikasema haya ni mambo ya wenyewe. Barua ya faini ikanifuata nyumbani. Safari iliyofuata nilifika kituoni, uwanja wa shule, kabla hakujapambazuka vizuri. Unapewa karatasi, unaingia kwenye kibanda cha boksi, kuna penseli imefungwa kwa kamba, unawapanga wagombea kwa namba, 1 kwa unayemtaka zaidi, kisha 2, 3 mpaka waishe. Ukitoka, wazazi wa shule wanachoma soseji: kipande cha mkate, soseji, vitunguu vya kukaanga. Hela inaenda shuleni.

Ashgrove yenyewe mkiitafuta kwenye karatasi za kura hamtaiona. Tume ilichora upya mipaka, viti vikawa 93, na kwenye uchaguzi wa 2017 jina likafutwa, kama mlivyoona Mbeya Mjini ikikatwa ikazaliwa Uyole, ila huku na jina la zamani liliondoka. Sehemu kubwa sasa inaitwa Cooper, kwa heshima ya Daktari Lilian Cooper, mwanamke wa kwanza kusajiliwa udaktari Queensland, mwaka 1891.

Mzee jirani yangu bado anasema "sisi watu wa Ashgrove". Nilipomwambia mzee, wewe siku hizi ni mtu wa Cooper, alinitazama, akaendelea kumwagilia nyanya zake.